Kompyuta Imewaka, Diski ya Nje Haimo

Malalamiko haya humfikia fundi yakiwa na hukumu tayari: "Diski yangu imekufa. Nimewasha kompyuta asubuhi, haimo." Anayesema hivyo aweza kuwa mpiga picha za harusi, katibu wa kwaya, au mhasibu aliyeweka humo hesabu za duka tangu lilipofunguliwa. Hofu yao ni moja na haraka yao ni moja. Lakini ndani ya kauli hiyo mna mambo kadhaa yasiyofanana, na mengi kati yake hayagusi uhai wa diski. Kuna diski nzima isiyopata umeme wa kutosha. Kuna diski nzima ambayo kompyuta haikuisubiri. Kuna nyingine ambayo kompyuta imeiona vizuri, ila mfumo haukuipa herufi ya kuitambulisha. Ipo pia, kwa uchache, inayokufa kweli.

Ninachotetea hapa ni kupima wakati kabla ya kupima kifaa. Diski inayokosekana kompyuta inapowashwa, kisha ikaonekana baada ya kuchomolewa na kuchomekwa tena, ina tatizo la namna moja. Ile isiyoonekana popote, saa yoyote, ina tatizo la namna nyingine kabisa. Anayeyachanganya haya mawili hununua diski mpya asiyoihitaji au, vibaya zaidi, hufuta data ambayo ilikuwa salama tangu mwanzo.

Kwa hiyo acha kompyuta iwake mpaka itulie. Subiri dakika moja au mbili, chomoa kebo ya diski, kisha ichomeke tena, ikiwezekana katika tundu jingine la kompyuta yenyewe. Ikionekana na faili zikafunguka, umeshajua kwamba sahani zinazunguka na kebo inapitisha data. Kilichobaki ni kutafuta kilichotokea katika sekunde za kuwaka. Isipoonekana, ipeleke kwenye kompyuta nyingine kabla hujagusa mpangilio wowote. Kipimo hiki hakigharimu hata senti, na kinatoa zaidi ya nusu ya jibu. Mteja anayepeleka diski kwa fundi ana haki ya kuomba kifanyike mbele ya macho yake.

Sekunde hizo za mwanzo zina mambo mengi. Swichi inapobonyezwa, inayoamka kwanza si Windows wala Linux. Ni programu ya awali iliyohifadhiwa kwenye ubao mkuu, ile ambayo mafundi bado wanaiita BIOS ingawa kompyuta nyingi za miaka hii zinatumia UEFI. Programu hiyo inakagua kumbukumbu, inaamsha vidhibiti vya USB, inapeleka umeme kwenye matundu na kuuliza ni vifaa gani vilivyopo. Wakati huohuo diski ya nje ina kazi nzito ya kufanya. Inatakiwa izungushe sahani zake kutoka kusimama hadi mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, itoe vichwa vyake mahali vinapolala, na isome taarifa zake yenyewe. Ndipo chipu iliyo kati ya diski na kebo, inayopatanisha SATA ya ndani na USB ya nje, inapoweza kujibu kikamilifu. Yote hayo huchukua sekunde kadhaa. Kompyuta yenye haraka hufanya kama mwalimu anayefunga daftari la mahudhurio wakati mwanafunzi bado anakimbia kutoka getini: mtoto amefika shuleni, ila jina lake halimo.

Haraka hiyo imeongezwa makusudi na watengenezaji. Kwenye mipangilio ya UEFI kuna kipengele cha Fast Boot ambacho hupunguza au kuruka kabisa ukaguzi wa vifaa vya USB ili kompyuta iwake upesi. Kwa anayetumia diski ya ndani pekee, hakuna ubaya. Kwa anayetaka kuwasha kompyuta kutoka kwenye diski ya nje, kipengele hicho peke yake chatosha kuifanya isionekane kwenye orodha. Diski isiyo na sahani, yaani SSD ya kubebeka, haina cha kuzungusha, hivyo kuchelewa kwa namna hii huipata mara chache sana. Ikikosekana wakati wa kuwaka, mimi huanza kushuku kebo au mipangilio ya umeme.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba orodha ya vifaa huandikwa mara mbili. UEFI ina ya kwake, na mfumo endeshi ukishika usukani huanza kuhesabu upya kwa draiva zake wenyewe. Hapo ndipo unapopata mashahidi wawili wa kuwauliza. Ingia kwenye mipangilio ya UEFI, kwa kawaida kwa kubonyeza F2 au Delete mara tu kompyuta inapowaka, utazame orodha ya vifaa. Diski ikitajwa humo lakini Windows haiioni, basi umeme na kebo vinafanya kazi, na kosa linatafutwa ndani ya Windows. Isipotajwa humo lakini Windows inaionyesha, na wewe hukukusudia kuwasha kompyuta kutoka kwenye diski hiyo, huna tatizo lolote la kutatua. Wote wawili wakikana, rudi kwenye umeme.

Umeme ndio chanzo ninachokishuku kabla ya vingine vyote, na sababu yake imo katika namba. Kiwango cha USB 2.0, kilichotoka mwaka 2000, kinaahidi miliampea 500 kwa volti 5, yaani wati 2.5. USB 3.0 ya mwaka 2008 ilipandisha hadi miliampea 900, wati 4.5. Diski ndogo ya inchi 2.5, ile inayobebwa mfukoni, huridhika na kiasi hicho ikishazunguka. Lakini kuianzisha kunahitaji nguvu zaidi kuliko kuiendeleza, na kwa sekunde chache mahitaji yake yanaweza kukaribia ampea nzima. Sekunde hizo ni zilezile ambazo kompyuta inaamsha feni, skrini na vifaa vingine vyote. Ikiwa tundu ni la zamani, au kebo ni ndefu na nyembamba, au diski imeshirikishwa kwenye kigawanyaji kimoja na kipanya, kibodi na chaja ya simu, volti hushuka, injini hushindwa kuanza, na diski hunyamaza au hutoa mlio mfupi unaojirudia. Dakika tano baadaye, kompyuta ikiwa imetulia, diski hiyohiyo huchomekwa na kufanya kazi bila shida. Mwenyewe akasema ina mashetani, kumbe ilikuwa na njaa tu.

Tiba yake si ngumu. Chomeka diski moja kwa moja kwenye kompyuta. Ikiwa ni kompyuta ya mezani, tumia matundu ya nyuma yaliyounganishwa kwenye ubao wenyewe, maana yale ya mbele hupitia waya za ziada. Tumia kebo fupi iliyokuja na diski. Kama kigawanyaji hakiepukiki, nunua chenye adapta yake ya umeme. Zamani diski nyingi ziliuzwa na kebo yenye vichwa viwili ili zinyonye umeme kutoka matundu mawili, na anayetumia kompyuta ya enzi ya USB 2.0 bado ataiona faida yake.

Wanaotumia kompyuta ndogo za Raspberry Pi kuhifadhi faili za ofisi au shule hukutana na ukuta huu mapema zaidi. Raspberry Pi 4 inatoa ampea 1.2 kwa matundu yake yote ya USB kwa pamoja. Raspberry Pi 5 huvibana vifaa vyote vya USB hadi miliampea 600 isipowekewa adapta ya ampea 5. Mtu anachomeka diski mbili, inawaka moja, na lawama zinaiangukia ile ya pili.

Diski kubwa za inchi 3.5 zina habari nyingine, kwa kuwa zinahitaji volti 12 kutoka kwenye adapta yake, na USB haiwezi kuziendesha peke yake. Hapa kosa la kawaida ni kuchanganya adapta. Kwenye droo ya ofisi mna adapta ya ruta, ya king'amuzi, ya kamera na ya diski, na vichwa vyake mara nyingi vinaingia mahali pamoja. Adapta ya volti 5 haitaizungusha diski hiyo. Ya volti 19, ya kompyuta mpakato, inaweza kuiunguza bodi yake kwa mara moja. Soma namba zilizoandikwa kwenye adapta na kwenye ganda la diski kabla ya kuchomeka. Volti zilingane sawasawa, na ampea za adapta zisipungue zile zinazotakiwa. Baadhi ya maganda hayo yana swichi laini ambayo haijirudishi yenyewe baada ya umeme kukatika. Katika miji yetu, ambako umeme unaweza kwenda na kurudi usiku ofisi imefungwa, asubuhi kompyuta imewekwa ijiwashe yenyewe na imejiwasha, lakini diski imelala ikisubiri kidole. Hilo nalo huitwa kifo cha diski.

Taa inayowaka isikudanganye. Inathibitisha kwamba umeme umefika, haithibitishi kwamba data inapita. Kuna kebo za kuchajia simu zisizo na waya za data kabisa, na zinaingia vizuri kwenye diski za mtindo wa zamani. Kichwa kile kipana cha diski nyingi za USB 3.0, kinachofanana na viwili vilivyounganishwa, nacho ni dhaifu. Diski ikitembezwa mkobani na kebo yake ikiwa imechomekwa, tundu hulegea mpaka likawa linashika ukilibana kwa upande mmoja tu. Jaribu kebo nyingine kabla ya kufikia uamuzi wowote.

Baada ya umeme huja chanzo ambacho kimewasumbua watumiaji wengi wa Windows bila wao kukijua. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima kompyuta si kuzima kamili. Kipengele kinachoitwa Fast Startup hufunga programu zako, lakini huhifadhi kiini cha mfumo pamoja na hali ya draiva ndani ya faili la hiberfil.sys. Ukiwasha, Windows hairudii kuanza upya. Inasoma faili hilo na kuendelea ilipoishia, ikichukulia kwamba vifaa viko vilevile ilivyoviacha. Lakini diski ya nje ilikatiwa umeme usiku, au ilichomolewa na kupelekwa nyumbani, na chipu yake imeanza maisha upya. Draiva iliyoamshwa kutoka kumbukumbu ya jana inaweza kushindwa kuelewana nayo.

Uzuri ni kwamba Fast Startup inajifichua kwa urahisi. Ukichagua kuwasha upya kompyuta, badala ya kuizima na kuiwasha, Windows huanza kamili bila kutumia faili hilo. Kwa hiyo kama diski inakosekana kila unapowasha kompyuta asubuhi, lakini inaonekana kila unapoiwasha upya kompyuta hiyo, mhusika umempata. Unaweza kuzima kompyuta kikamilifu mara moja kwa kushikilia kitufe cha Shift unapobofya Shut down, au kuondoa kabisa Fast Startup kwenye mipangilio ya umeme, sehemu inayohusu kazi za kitufe cha kuzimia. Nashauri iondolewe kwa yeyote mwenye diski ya nje ya kudumu. Kwenye kompyuta yenye SSD ndani, sekunde zinazopotea ni chache mno kulinganisha na usumbufu unaoondoka. Na anayetumia Windows na Linux kwenye kompyuta moja ana sababu ya ziada: Linux hukataa kuandika kwenye sehemu ya Windows iliyoachwa katika hali hiyo ya nusu usingizi, na ina haki ya kukataa.

Fast Startup ya Windows na Fast Boot ya UEFI ni vitu viwili tofauti, japo majina yamefanana hadi mafundi wenyewe huyachanganya. Ukizima kimoja na tatizo likabaki, angalia cha pili. Kisha tazama uokoaji wa umeme wa USB. Katika Device Manager, kila kitovu cha USB kina ruhusa ya kuzimwa na Windows ili kuokoa umeme, na kuondoa ruhusa hiyo kumerudisha diski nyingi zilizokuwa zikipotea.

Lipo pia tatizo la kinyume chake: diski imechomekwa, na kompyuta yenyewe ndiyo inayokataa kuwaka. Skrini nyeusi inaandika kwamba hakuna mfumo endeshi, au inasimama kwenye nembo ya mtengenezaji. Hapo UEFI imewekwa kutafuta mfumo kwenye USB kwanza, imeikuta diski yenye picha na video tupu, na imekwama. Panga upya ili diski ya ndani itangulie. Hakuna haja ya kufunga USB zote kama ninavyoona wengine wakifanya.

Sasa tuje kwenye eneo la hatari zaidi, ambapo diski imeonekana na kompyuta ila haionekani na mtu. Fungua Disk Management ya Windows. Mara nyingi utaikuta diski imo humo, ina ukubwa wake kamili, na kilichokosekana ni herufi. Pengine herufi E iliyozoeleka imechukuliwa na folda ya mtandao wa ofisi iliyounganishwa mtu alipoingia, au na kisoma kadi. Ipe herufi ya mbali, tuseme R au T, na haitagombana na kitu. Pengine imeandikwa Offline, na kuchagua Online kunairudisha. Hapo kazi imekwisha kwa dakika moja.

Lakini pengine Windows itatokeza kidirisha kikiomba ruhusa ya kufomati diski kabla ya kuitumia. Ombi hilo ndilo linaloharibu kazi za watu kuliko diski zote mbovu zikijumlishwa pamoja, ndivyo ninavyoamini. Kidirisha hakisemi kwamba diski ni tupu. Kinasema kwamba Windows haikuweza kusoma mpangilio wa faili iliyoukuta, na sababu zake ni nyingi. Diski iliyofomatiwa kwa APFS, mpangilio ambao Apple iliuleta mwaka 2017, haisomeki na Windows bila programu ya ziada, wala ile ya ext4 ya Linux. Diski iliyochomolewa ghafla wakati inaandika inaweza kuwa na jedwali la faili lililovurugika huku picha zote zikiwa mahali pake. Ombi la kuiandaa diski upya, Initialize Disk, lina hatari ileile. Kwa yote mawili jibu ni kukataa, mpaka data ipatikane kwa njia nyingine.

Ukubwa wa diski nao una la kusema. Mpangilio wa zamani wa MBR unahesabu vipande kwa namba ya biti 32, na kwa vipande vya baiti 512 hauvuki terabaiti 2 na kitu. Diski ya terabaiti 4 inahitaji mpangilio mpya zaidi wa GPT, na Windows XP ya biti 32, ambayo bado inaendesha mashine kwenye baadhi ya viwanda vya uchapaji, haiwezi kuisoma hata kidogo. Diski si mbovu, mashine ndiyo imepitwa.

Kwa watumiaji wa Mac maelezo ni mafupi. Kwenye kompyuta za mkononi zenye chipu ya Apple, kuanzia toleo la macOS la mwaka 2022, kifaa kipya cha USB husubiri kibali cha mwenye kompyuta, na kompyuta ikiwa imefungwa kwa nywila hakipitishi data. Ifungue, ruhusu, kisha tazama Disk Utility. Diski ya NTFS, mpangilio wa Windows, itasomeka lakini haitaandikika.

Linux inastahili nafasi kubwa zaidi, kwa sababu ndiyo inayoendesha seva nyingi ndogo za ofisi na shule. Anayesimamia seva huandika diski ya nje ndani ya faili la /etc/fstab ili ifunguliwe kila seva inapowaka. Akiiandika kwa jina kama /dev/sdb1, amejenga juu ya mchanga, kwa kuwa majina hayo hutolewa kwa kufuata nani amefika kwanza, na leo diski inaweza kuwa sdb, kesho sdc. Aiandike kwa UUID yake, yaani namba yake ya utambulisho, ambayo haibadiliki mpaka diski ifomatiwe. Kisha aongeze neno nofail. Bila neno hilo, systemd, programu inayosimamia kuwaka kwa Linux, husubiri diski kwa sekunde 90, na ikikosekana huitupa seva nzima katika hali ya dharura. Diski moja ya akiba isiyochomekwa imesimamisha huduma zote za ofisi. Amri za lsblk na dmesg zitamwonyesha kama kompyuta imeiona diski na ilisema nini ilipoiona. Ujumbe wa kujiunganisha na kujitenga unaojirudia kila sekunde chache ni dalili ya umeme au kebo.

Zinabaki zile zinazokufa kweli. Hizi hazichagui saa. Nyingi hukosekana asubuhi na mchana, kwenye kompyuta yako na ya jirani. Sikio linasaidia. Mlio wa kugonga, tak, tak, tak, kwa mpigo ulio sawa, ni vichwa vinavyotafuta njia na kuikosa. Mlio mwembamba bila mzunguko waweza kuwa umeme mdogo, lakini ukibaki vilevile kwenye tundu lenye nguvu na kebo nzuri, pengine vichwa vimenata kwenye sahani. Nyingine hazina mlio wowote wa ajabu. Zinaonekana baada ya dakika tano, kompyuta inaganda kila folda inapofunguliwa, na taarifa za SMART, ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake, zinaonyesha namba 5 na namba 197 zikipanda, yaani vipande vilivyohamishwa na vinavyosubiri kuhamishwa. Diski ya namna hii isifanyiwe chkdsk. Programu hiyo hutengeneza mpangilio wa faili kwa kusoma na kuandika kwa wingi, na diski iliyochoka inaweza isiimalize safari hiyo. Kwanza inakiliwa yote, kipande kwa kipande, kwa programu kama ddrescue, ambayo huanza na sehemu zinazosomeka kwa urahisi na kurudia zile ngumu mwishoni. Ukarabati unafanyika kwenye nakala. Inayogonga isinakiliwe kabisa. Izimwe na ipelekwe kwa wenye chumba kisicho na vumbi, kwa sababu kila dakika ya kuzunguka inaweza kuwa inakwangua sahani.

Kabla ya kufika huko, fundi mzuri huitoa diski kwenye ganda lake na kuichomeka kwa SATA moja kwa moja, kwa kuwa mara nyingi kilichokufa ni ile chipu ya kati, na diski yenyewe ina afya. Njia hii ina vizuizi viwili. Baadhi ya diski ndogo za kubebeka zina tundu la USB lililounganishwa kwenye bodi ya diski yenyewe, hazina SATA ya kuchomeka. Na baadhi ya diski za Western Digital za familia ya My Passport na My Book husimba data ndani ya chipu ya ganda hata kama mwenyewe hakuweka nywila, hivyo diski ikitolewa na kuunganishwa mahali pengine huonekana kama yenye takataka tupu. Fundi anayefungua diski ya aina hiyo aitunze bodi ya ganda na kumrudishia mteja pamoja na diski, hata kama ameiona imeungua, maana kinachohitajika kusoma data hiyo kinaweza kuwa kimebaki humo.